Wanapokezana usingizi

Dionisi, upo? Nimeaibika mbele ya baba mdogo.

Alitaka kumsikia Yosefina mwenyewe akikubali kabla hajapeleka posa kijijini kwao, Kisawasawa. Nikapiga simu ya video.

Yosefina yuko Mafia. Bado anaishi kwenye ile mashua ya matanga ya mwaka 1956, anazunguka visiwani kama baharia wa nahodha Polikarpo. Mpishi ameshuka Kilwa, wamebaki wawili. WAWILI, Dio.

Nikauliza, mnalalaje? Mbele ya baba mdogo nikauliza hivyo.

Polikarpo akachukua simu. "Shemeji, tulia. Mmoja akilala, mwingine yuko kwenye usukani. Hata tukitia nanga, lazima mmoja akeshe kuilinda mashua."

Baba mdogo akacheka. "Mimi nimeridhika. Na wewe, Yosefina mwanangu?"

"Nimekubali, baba. Ila mwambie apunguze wivu."

Basi, posa inapelekwa Jumapili. Nilipaswa kuruka kwa furaha.

Lakini nawaza, kila usiku yule mwanaume anafumba macho katikati ya bahari bila hofu, kwa sababu Yosefina yuko macho. Mimi ninayemuoa, hajawahi kuulinda usingizi wangu hata mara moja.