Shikamoo kwa Daktari Severini

Jumanne, 15 Julai 2025

Baridi ya kukata masikio. Saa moja asubuhi tulikuwa zahanati, mimi na Tumpe, nimemshika mkono kama bwana harusi. Jicho lake la kushoto limeshafungwa na mtoto wa jicho, la kulia liko njiani. Wanawe saba amewalea, huyu wa nane nani alimwomba?

Madaktari wa macho wanafika hospitali ya Vwawa Jumatano ya wiki ijayo. Wanapasua bure, wazee wa miaka sitini na kuendelea. Majina yanaandikwa hapa kwetu. Ukutani wamebandika: MPISHE MZEE APATE HUDUMA KWANZA. Basi tukapishwa, tukafika dirishani kwa Severini, tabibu wetu. Kijana mdogo kuliko koti langu.

Akatazama kitambulisho cha Tumpe. Akamtazama Tumpe. Akacheka! Akasoma kwa sauti benchi zima lisikie: amezaliwa 1968, ana miaka hamsini na saba. Halafu akasema, "Mzee Osea, huyu bado binti. Mpeleke foleni ya vijana."

Watu wakavunjika mbavu. Mzee mwenzangu Jonasi ana meno mawili tu, na yote mawili aliyatoa nje.

Nikamwambia, daktari, mtoto wetu wa kwanza, Ombeni, yule wa Tunduma, kazaliwa 1966. Mwana anamzidi mama yake miaka miwili? Akasema yeye hadithi hazijui, anajua kadi. Jina halikuandikwa. "Mwingine!"

Njiani kurudi Tumpe alijikwaa mara mbili.

Severini, utanitambua.

Jumatano, 16 Julai

Nimeamka na dawa yake.

Kama mke wangu ni binti, mimi ni kijana. Na kijana mwenye adabu huamkia wakubwa. Nikaenda mapema, nikasimama mlangoni pake, nikavua kofia, nikakunja magoti:

"Shikamoo, daktari!"

Akaruka kama aliyekanyaga nyoka. Mzee wa miaka themanini na mbili anamwamkia! Akiitika marahaba, amejilaani mbele za watu. Akinyamaza, hana malezi. Akabaki "aah, mzee wangu, aah," akarudi kinyumenyume, akajigonga kisogo kwenye mlango. Tamu!

Saa nne alipotoka kunywa chai — shikamoo. Jioni gengeni, kashika nyanya mbili — shikamoo! Nyanya moja ikaanguka. Mama muuza genge kaweka mkono mdomoni.

Nimekula ugali wa kushiba leo.

Ijumaa, 18 Julai

Dawa imesambaa. Leo tulikuwa wazee kumi na mmoja, tumepanga mstari nje ya zahanati kama wanafunzi. Jonasi kaja na fimbo yake. Nikahesabu moja, mbili, tatu. "Shikamoo, daktariii!" Severini kaingia kazini kwa mlango wa nyuma, kapitia chooni.

Boazi, mwenyekiti wa kijiji, akaniita pembeni. "Baba, mwachie mtoto wa watu. Mama yake amepiga simu analia, anasema mwanangu atapata mkosi." Nikamwambia Boazi, mkosi wa kuamkiwa unapona. Upofu je?

Basi nikamtolea barua. Niliiandika jana, kurasa mbili, mwandiko wangu wa darasa la nne uliosimama kama askari. Inakwenda wilayani. Inasema Severini ameuchezea umri wa mke wangu kwa kalamu yake. Nilimwona akiuchezea? Sikumwona. Lakini kadi haijiandiki yenyewe, na mimi namjua anayecheka. Chini yake madole gumba thelathini na manne! Jonasi haoni vizuri, la kwanza kapiga kwenye meza. Boazi kasoma mstari wa juu tu, kagonga muhuri.

Barua imeondoka na bodaboda saa nane. Sasa acheke.

Jumapili, 20 Julai

Tumetoka kanisani. Tumpe kakaa juani anachambua maharage kwa kupapasa. Mabovu anayajua kwa kidole. Bila kuinua kichwa akaniuliza:

"Baba Ombeni, ule mwaka wa kupigwa picha za vitambulisho, nani alisema nilizaliwa mwaka wa sitini na nane?"

Nikasema karani. Nani mwingine?

"Karani aliniuliza mimi. Nikamwambia nilizaliwa mwaka wa mwisho wa nzige. Kijana wa mjini, nzige hawajui. Ukadakia wewe: andika sitini na nane, huyu bado binti. Nilicheka mpaka kanga ikaanguka."

Bado binti.

Neno langu! Langu mwenyewe, na sauti ile ile. Severini kaniibia mzaha na wala hajui kama kaiba.

Nikamuuliza mbona siku zote hizi kanyamaza. Akasema, "Uliniita binti mbele za watu. Ningekushitaki kwa nani?" Akaendelea na maharage.

Barua ishaondoka. Sikumwambia habari ya barua.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi kamimina uji nje ya kikombe. Wa moto! Mkono wote wa kushoto. Nikambeba kwa bodaboda hadi zahanati. Severini kamsafisha taratibu, kampaka dawa, kamfunga bendeji, huku akimwambia pole bibi, vumilia bibi, tumemaliza bibi.

Aa! Kwenye kuungua ni bibi, kwenye macho ni binti!

Nilikwenda na nia ya kusema ukweli, naapa. Kaniona, akaanza kukusanya vyombo vyake. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "Shikamoo, daktari." Mazoea haya. Kaingia stoo, kajifungia.

Nimecheka kidogo. Halafu sikucheka.

Jumanne, 22 Julai. Zahanati, kwenye benchi

Tumekuja Tumpe abadilishiwe bendeji. Naandika hapa hapa, daftari liko magotini. Naandika ili nisimtazame mtu usoni.

Saa tano limekuja gari la wilaya. Kashuka mama mmoja, Getruda, ndiye wa mambo ya afya ya wazee. Miwani, sauti ndogo, hana haraka. Mkononi barua yangu. Akasema ana mawili. Moja, orodha ya macho inafungwa leo saa nane, kesho alfajiri gari linachukua wazee. Pili, hii barua. Akaisoma yote, mbele ya Boazi, mbele ya Severini, mbele ya foleni. Ilivyokuwa tamu wakati naiandika! Leo kila neno lilitoka na mfupa. Severini kawa rangi ya majivu. Kumbe kwa kosa kama hilo mtu anafukuzwa kazi. Kakaa chini bila kutafuta kiti, kakuta ndoo.

Mama Getruda akasema umri unaweza kurekebishwa kwa ajili ya orodha. Ipo fomu. Aliyetaja mwaka wa uongo aseme mwenyewe, mwenyekiti asaini, na tabibu wa zahanati asaini kwamba anamfahamu mgonjwa. Bila sahihi ya tabibu, hakuna.

"Nani alitaja mwaka huu?"

Tumpe yuko katikati yetu, mkono na bendeji. Anajua. Angeweza kusema. Kageuza uso kwenye kabati la dawa, anadhani mimi niko huko.

Nikasema, "Mimi."

"Kwa hiyo hii barua ni ya uongo?"

"Ni ya hasira, mheshimiwa."

"Mzee, hasira haina madole thelathini na manne."

Jonasi akaangalia dole lake. Boazi kasaini haraka haraka, kama anafukuzwa yeye. Mama Getruda kaiweka fomu mbele ya Severini, katoka kupanda kichuguu kule nyuma, kutafuta netiweki aongee na Vwawa. Kasema akirudi anaondoka na karatasi zilizo tayari, zisizo tayari zinabaki.

Saa nane kasorobo.

Fomu ni ukurasa mmoja. Severini anausoma kama Biblia. Kafika chini, karudi juu. Sikutegemea kwamba nitamhitaji. Wiki nzima nilijua namfundisha yeye adabu, kumbe nilikuwa nampa mjeledi aushike.

Tumpe kauliza, "Amesaini?"

Nimeweka kalamu chini. Nimesimama. Nimevua kofia, nimekunja magoti, na safari hii yamelia yote mawili. Nikasema polepole, hata mimi nilijisikia:

"Shikamoo, daktari."

Benchi halikucheka.

Nimerudi kukaa. Sauti ya mama Getruda inasikika, anateremka, anaagana na mtu kwenye simu. Severini kaiinua kalamu. Ananitazama mimi, haitazami fomu. Midomo inacheza — sijui anatafuta marahaba au neno la kunikatalia.