Pumba Nikawapa Kuku

Nakuru, Jumanne, Julai 1974

Leo nilinyamaza mbele ya sista wa kliniki. Mimi, ambaye hata chifu huniambia nipunguze maneno.

Tangu mama ahamie kwangu nimemkataza maharagwe na unga wa kusagisha wenye pumba zake. Hicho ni chakula cha shida, nilimwambia. Kwangu utakula mkate mweupe na unga laini, kama yule mzungu niliyempikia kule Njoro, aliyekuwa akiinua jembe la trekta kwa mkono mmoja. Pumba nikawapa kuku.

Sasa choo chake ni taabu, na kikohozi hakimtoki. Leo kwenye kliniki sista alimuuliza mama anakula nini na zamani alikula nini; alipojibiwa akatikisa kichwa.

"Tumboni mna vijidudu vizuri, mzee. Vinakula hizo pumba, maharagwe, mboga. Daktari wetu anafikiri vikishiba, huenda mwili nao unapigana na magonjwa vizuri zaidi. Nani alimwachisha chakula chake?"

Mama akajibu haraka, "Ni mimi, sista. Uzee umenifanya nipende mkate."

Sista akamgombeza kama mtoto. Mimi nikaangalia kofia yangu.

Kuku wangu wamenona, hawajui hata mafua. Mama yangu anakohoa chumba cha pili.

Jioni mke wangu aliazima unga wa kusagisha kwa jirani, akapika ugali na maharagwe. Mama alishika tonge, halafu akaniangalia kwanza, akingoja nikubali.