Ndege Yetu Iko na Madoadoa

Mama Kiprono,

Ulizoea nikikuita kupitia kwa ua kati ya boma zetu, si kwa karatasi. Lakini mahali uko sauti yangu haifiki, na haya maneno nikiyaacha tumboni yananinyima chakula. Vumilia mwandiko. Unajua shule niliiacha nikiwa bado mdogo.

Nianze na nyumbani. Waru zimeshika vizuri, viazi kama ngumi, baridi haijazichoma. Mke wa Kiprono amejifungua msichana, wamempa jina lako, na anakunja uso vile ulikuwa unakunja ukionja chai ya watu wengine. Ningependa niishie hapo.

Njeri wangu anasimama kiti cha wodi kwa uchaguzi huu. Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa hataki kulala mpaka umbebe wewe. Na mwenye anamzungusha na pikipiki kila kijiji, akimshikia kipaza sauti, ni Kiprono wako. Hawakutaka hivi vyama vikubwa viwili, kimoja cha upande wenu na kingine cha upande wetu. Wametafuta kachama kadogo, hata ofisi yake ni chumba kimoja huko Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo. Kwanza nilifurahi. Nikasema, angalau hiki hakina upande.

Halafu wakaleta picha. Alama ya chama ni kanga, yule ndege wa porini. Ni watu wa Nairobi walichagua, wakaona ni ndege mrembo, mweusi na matone meupe mwili mzima. Mama Kiprono, katika ndege wote wa Mungu. Hao wa Nairobi hawajui madoadoa ni neno gani huku kwetu.

Siku Njeri alipanda juu ya lori pale soko ya Molo akainua hiyo picha, watu walitazamana. Wazee wakaangalia viatu vyao. Kisha kijana mmoja akasema, hata hakupaza sauti, "Safari hii madoadoa wamejichora wenyewe." Watu wakacheka. Mimi nilichukua kikapu changu nikarudi nyumbani bila kununua kitu.

Kwa sababu hilo neno nililisikia nikiwa ndani ya nyumba yako. Ile mwaka ya vita vya kura, nimejikunja nyuma ya magunia yako ya mahindi, nimemziba Njeri mdomo, na wale vijana wako mlangoni wanakuuliza kama umeficha madoadoa. Yaani sisi, watu wa kutolewa kama uchafu kwa nguo. Ukatoka na mikono bado ina povu la maziwa. Ukawaambia, "Madoadoa iko. Si ni hiyo ng'ombe yangu pale. Mkitaka, anzeni na yeye."

Wakacheka, wakaenda. Miaka ikapita na sisi tukacheka, tukikunywa maziwa ya hiyo ng'ombe. Sasa nikikumbuka, kicheko hakitoki.

Nimemwomba Njeri aache. Nimemwomba mpaka nikapiga magoti jikoni. Anasema wanajua hawawezi kushinda kwa urahisi, lakini hawa wakubwa wawili watakaribiana sana, na hizo kura kidogo za kanga ndizo zitaangusha mmoja. Akanishika mkono akasema, "Mama, hata tukikosa kiti, hawa wakubwa watatutafuta tu."

Nikamwambia, huko kutafutwa ndiko naogopa. Hiyo hesabu ya kura hata hao wakubwa wanaijua.

Watu wa upande wetu wananiuliza huyo kijana wa wale anazunguka na msichana wetu akitafuta nini. Wa upande wenu wanamuuliza Kiprono amenunuliwa na nani. Kanisani bado tunasalimiana, lakini mkono unaachiliwa haraka. Juzi lori la waru lilipita hapa likielekea chini, na juu ya magunia nikaona kitanda na kabati. Hakuna mtu aliuliza ni za nani. Ndugu yangu wa Lanet amepiga simu, anasema nipeleke vitu kwake mapema, nisingoje kama ile mara ingine.

Na ile picha ya Njeri na kanga niliyobandika kwa geti yangu, mtu ameijia na wembe. Hakuirarua. Uso wa Njeri hakuugusa. Amekwangua matone ya yule ndege, moja moja, yote, akaacha ndege mweusi.

Lakini nimekuandikia kwa ajili ya mkebe wako. Ule wa maziwa, wenye kifuniko kilichopinda. Unajua haujawahi kutembea mtupu. Unakuja kwangu na maziwa, unarudi kwako na waru, na tulipokuzika mke wa Kiprono hakuvunja hiyo desturi. Leo asubuhi Kiprono ameuleta mwenyewe. Hakupitia geti. Amepenya kwa ua huko nyuma, shati limeshikwa na miiba, akaniwekea maziwa mezani.

"Mama," akaniambia, "huu mkebe kaa nao. Usiurudishe mpaka kura ipite, usionekane ukija kwetu."

Nilimtoa miiba kwa shati, akaenda. Sasa mkebe uko mbele yangu, nimeuosha, na sijui nitazame wapi.

Sijapakia kitu, Mama Kiprono. Nimechukua majivu meupe ya makaa, nikayatia maji, nikachovya kidole, nikamrudishia yule kanga matone yake. Hayajakaa sawa, amefanana na kuku wa kuugua, lakini yapo. Na wakija kuniuliza Kiprono yuko wapi, wawe wenu au wawe wetu, nitatoka na mikono yenye povu. Ulimi wako sina. Nimeanza kutafuta la kuwaambia, na bado sijalipata.

Wewe pumzika. Mkebe nitaurudisha kwa miguu yangu, mchana, kupitia geti yako, na waru zikiwa ndani. Nikichelewa, ujue si kupenda kwangu.

Ni mimi wako,
Mama Njeri