Mama Watatu Kabla ya Kupanda

Noko Assumani, ndugu ya mama yangu,

Hapa Kindu hakuna tena muntu wa kupanda kama mimi. Si kujisifu, njo habari yenyewe. Nyani wa ngambo ile ya Lualaba wakiniona wanashuka muti kwa heshima, wananiachia tawi. Juzi nilipanda ukuta wa hangari ya zamani ya mizigo karibu na gare ya treni kwa mukono moja, ule mwingine nilikuwa najikuna nao. Mungu mwenyewe akihitaji muntu wa kukaza nyota inayolegea, afike tu mtaa wetu wa Mikelenge aulize Shabani. Hata watoto wachanga watamuonyesha nyumba.

Najua ungesema nini. "Mudomo wako unapanda kuliko miguu yako." Sawa. Lakini sasa huwezi kunitupia kiatu, basi niache niseme.

Nakuandikia na kinyaa kimenijaa mudomoni kama mawese yaliyooza. Tangu tukuzike, mvua zimekuja zikaenda mara mbili, na mimi naona mambo ya kutemea mate tu. Nianze na kilio chako, yale matanga. Watu walikula wali wa Kibombo na pondu, wakalamba vidole, na vidole vile vile vyenye mafuta wakavinyoosha kwa Muzee Sumaili: "Njo huyu. Mukanda wake ulikatika, Assumani akaanguka." Muzee Sumaili, Noko! Aliyekusukia mikanda ya kupandia mingazi, ya kekele, zile kamba za porini, tangu hujaota ndevu. Alikuwa amekaa kwenye mukeka, amekuja kukulilia kama wengine. Akainuka, akaweka kofia yake sawa, akaenda.

Toka siku ile hakuna mupandaji anayenunua kwake. Kekele zinakauka nyuma ya nyumba yake, kuku wanalala juu. Mama Zaina, muke wako, akipita pale anavuta kitenge kufunika pua, kana kwamba muzee ananuka. Watoto wanamuita "Muangusha-watu". Mimi nikipita pale natazama viatu vyangu. Na unajua viatu vyangu, havina cha kutazama.

Sasa sikia mengine. Vita ya kule Goma imetuletea watu wengi, na kati yao kijana moja tunamuita Kocha Papy. Wengine walikimbia na godoro, na sufuria, na mbuzi. Yeye alikimbia na kamba mbili ndefu, mikanda minne ya kiuno, kaske tatu za kukinga kichwa na mufuko wa viatu. Anasema kupanda ni muchezo. Muchezo! Wewe ulipanda mingazi maisha yako yote ili watu wapate mawese ya kupikia, kumbe ulikuwa unacheza. Huko kwao walikuwa wanapanda mawe ya volkano. Hapa hatuna jiwe la kutosha, akaomba ule ukuta wa hangari, tukaupigilia vipande vya mbao vya kushika, akapitisha kamba kwenye chuma kinene kule juu. Ncha moja unajifunga kiunoni kwa fundo lenye umbo la nane. Ncha ingine iko kwa mwenzako chini, inapita ndani ya chuma kidogo kinachouma kamba ukianguka. Huyo wa chini njo roho yako. Mukono wake hauachii kamba, hata nyuki akimuuma kwenye jicho.

Hayo mimi nilielewa siku moja, kwa akili hizi hizi ambazo mwalimu wa darasa la sita alizikataa. Shida ni uchafu. Vile viatu vinabana, vinavaliwa bila soksi, na tuko watu kumi na nne tunavipokezana. Ukivivua, nzi wanazimia. Juu kwenye chuma kuna popo, na ukiinua kichwa kumuangalia mwenzako, fumba mudomo, nisieleze zaidi. Lakini huo ni uchafu wa kunawa. Ule usionawika uko vichwani. Siku ya kwanza wote walitaka kufika juu wapigwe picha. Kocha akawaambia: kwanza mujifunze kuanguka, mupande kimo cha muntu tu, mushuke, mupapase kamba yote kwa vidole mutafute penye kuumia. Wakasonya. Dieumerci, yule anayeuza kadi za simu pale gare, alikuwa anamushikia mwenzake kamba kwa mukono moja, mukono wa pili uko na mukate wa mafuta. Anatafuna, anacheka, na muntu yuko hewani! Nilimuangalia mate yakawa machungu.

Basi nikawafundisha ya kwako. Kwamba mupandaji hajikagui. Anafunga mukanda kwa fundo kuzunguka mungazi, halafu yule wa chini anaingia ndani yake kwanza, anakanyaga muti kwa miguu miwili, analala nyuma na uzito wake wote. Akiwa amelala hapo anataja mama yake, na mama ya mama yake, na mama ya huyo. Akimaliza wa tatu na fundo limenyamaza, njo anatoka na mupandaji anaingia. Uliniambia, "Ukidanganya, hao watatu njo watakuuliza."

Wakacheka. Nikawapa ile ya askari. Ile vita ya zamani, mimi sijazaliwa, treni imelala, mawese hayaonekani mujini, askari akakushika njiani akataka upande haraka. Na wewe, kichwa kigumu, ukamuambia: "Mukubwa, ingia kwanza, nitajie mama zako." Bunduki mugongoni, akaingia, akalala nyuma, akataja wa kwanza, akataja wa pili. Wa tatu hamujui. Ukasema basi mimi sipandi. Watu waliokuwa pale walifumba macho wakingoja risasi. Yeye akatoka ndani ya mukanda, akaenda kumuuliza mwenzake wa kijiji kimoja, akarudi na jina! Ukashuka na mikungu miwili, akakuachia moja. Kila ulipoisimulia ulikuwa unacheka mpaka unakohoa, nami nilikuwa nakupiga mugongo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Feza, binti wa mushonaji wa pale kwetu. Mara yake ya kwanza. Kaske imemufunika mpaka nyusi, na anasema haogopi. Dieumerci njo alikuwa wa kumushikia. "Iko sawa, iko sawa, panda," anasema, hata hajaangalia. Mimi nikasema ngoja. Nikashika kamba ya Feza kiunoni, nikalala nyuma, na kabla sijamaliza jina la mama yangu fundo likateleza, ncha ikabaki mukononi mwangu kama mukia wa mujusi. Feza aliangalia juu kule kwenye chuma, akaangalia sakafu ya simenti, akakaa chini polepole. Nikamutukana Dieumerci matusi ambayo hata wewe huyajui. Kocha akasema toka leo hakuna anayepanda bila kutajiwa mama watatu. Wakanipigia makofi, Noko. Nikainua mikono kama rais.

Halafu Feza, bado amekaa chini, akaniuliza, sauti ndogo tu kama kwa kaka yake: "Yaya Shabani, na noko yako siku ile, nani alimutajia?"

Nikajibu, "Mimi. Nilitaja mpaka wa nne."

Kocha akatikisa kichwa. Akasema kumbe hata ukikagua, kitu kibovu kitakuua. Akafungua mufuko wake, akatoa kipande cha mukanda wako alichokiazima kwa Mama Zaina, akawazungushia wote wakiguse: "Musinunue kwa yule muzee. Hii njo iliua muntu." Kikapita mukono kwa mukono mpaka kwangu. Nikakishika. Nikakipitisha kwa mwingine, na nikatikisa kichwa nami, kama muntu mwenye uchungu.

Nimeona viatu, nimeona popo, nimeona Dieumerci na mafuta yake kidevuni. Kilichonitoa matapishi kweli nyuma ya hangari ni kile kichwa changu kilivyotikisika.

Sasa nikuache, Noko. Udongo wa Mikelenge ukushike polepole, usikubane kama vile viatu. Ninakuahidi, kila nitakayemushikia kamba nitamutajia mama watatu nikiwa nimelala nyuma kweli. Na Ijumaa hii, watu wakitoka musikitini, nitasimama mbele ya Muzee Sumaili wote wasikie. Kocha nimemuomba aje, na Mama Zaina. Nitasema haya, na wewe uyasikie wa kwanza:

Asubuhi ile kidole gumba chako kilikuwa kimevimba kwa mwiba. Ulifunga fundo kwa shida, ukaniambia, "Shabani, leo lala kweli, kidole hiki kinanikataa." Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kisiki, nakula muhindi wa kuchoma. Nikataja mama watatu kwa sauti kubwa, mudomo umejaa, bila kuinuka. Ulikuwa umenipa mugongo, unanoa panga. Ulisikia majina, ukaingia, ukapanda.

Mukanda haukukatika. Fundo njo lilifunguka. Ulipokuwa umelala chini na hupumui tena, niliokota mukanda ukiwa muzima, nikaukata kwa panga lako, nikaziponda ncha kwa jiwe mpaka zikafanana na kitu kilichochakaa. Nilipomaliza, njo nikapiga kelele watu waje.