Konokono Waliokufa Katika Bakuli Lako

Chumba cha juu, nyuma ya duka la vioo
Jumapili asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Sisi wazima, na mimi nimenenepa kwa raha. Ndoa tamu, Shangazi! Nikisikia viatu vya mume wangu kwenye ngazi, moyo unaruka.

Unajua yuko ofisi ya maji. Siku hizi mtaani wanamwita Daktari wa Konokono. Alileta nyumbani mitungi miwili ya konokono wa majini. Wa maji ya kijito walikufa, wa maji ya mvua wakawa wanatambaa tu. Alitaka kuwaonyesha majirani kwamba karakana ya kuchovya vyuma vipate ngozi ya shaba inamwaga sumu kijitoni. Mwenye karakana alimcheka: maji meupe pe, sumu iko wapi?

Jioni ya kuamkia mkutano wake na majirani nikaona mtungi wa wale wazima umefubaa. Nikataka wapendeze mbele za watu, nikawahamishia, pamoja na maji yao, katika lile bakuli la shaba ulilotuzawadia.

Asubuhi wote walikuwa wamejikunja ndani ya magamba, ute umewatoka, hawagutuki. Nililia mpaka kwikwi. Sasa angewaonyesha nini?

Mume wangu aliuliza kwa upole walilala wapi. Nilipomwambia, akaninyanyua, akanizungusha chumba kizima! "Mke wangu, umenimalizia kazi."

Akalibeba bakuli hadi mkutanoni. Akaeleza kwamba shaba huyeyuka majini kidogo kidogo, macho yasione, na samaki ikimwingia mashavuni anakopumulia hukosa pumzi huku maji yamemjaa pande zote. Mwenye karakana akachungulia, akasema hata haya ni meupe pe.

Mama mfuga bata, ambaye bata wake hushinda kijitoni, akajibu kutoka nyuma, "Basi kunywa, baba, tukuone."

Watu walivunjika mbavu. Hakunywa, Shangazi.

Bakuli limebaki ofisini, usininunie. Ukituletea jingine, liwe la udongo.

Jana bomba la karakana lilizibwa, na halifunguliwi mpaka mwenye karakana ajenge tangi la kuchujia. Tulishuka kulitazama, mimi na mume wangu, tumeshikana mikono mbele za watu bila haya. Lilikuwa kavu kabisa.

Nisalimie Mjomba na binamu yangu fundi cherehani. Mungu awalinde na awape usingizi mtamu.

Akupendaye bila kipimo,
Mwanao, mke wa Daktari wa Konokono