Nondo Ulizoziacha Juu ya Lenta

Shikamoo, Baba.

Nyumba yangu ya Sigino haina paa. Upepo wa Jumanne uliingia chini ya mabati, ukang'oa paa zima na kenchi zake za mbao, ukalilaza kwenye mbaazi za Mama Paulo. Ya Safari, mwanafunzi wako, kule Mutuka haikupoteza hata msumari. Sikufichi, nilitamani na yake iruke.

Namwonea wivu Safari tangu ulipomchukua kumfundisha ujenzi. Yeye ulimwita "mwanangu" mbele ya mafundi wote. Mimi uliyenizaa nilikuwa wa kuleta chai na maandazi. Siku mlipomwaga zege la lenta, ule mkanda wa juu ya kuta za nyumba yangu, nilikukuta unamnong'oneza, nilipofika mkanyamaza. Nikajua siri ya kazi imekwenda kwa mtoto wa watu.

Ukafa kabla hatujapaua. Kwa kiburi sikumwita Safari, nikaleta fundi mwingine kutoka Bagara. Akaniuliza kuhusu vile vipande vya nondo vilivyochomoza juu ya lenta. Nikamwambia kata, vinaharibu sura ya nyumba. Vikakatwa vyote, Baba. Mimi ndiye niliyesema.

Jana Safari alikuja bila kuitwa. Akapanda ukutani, akapapasa pale palipokatwa.

"Dada, hizi zilikuwa zikunjwe juu ya mbao, zishike paa. Nani kakata?"

Akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Tulipojenga kwangu, mzee aliweka moja moja. Hapa, siku ya zege, akaninong'oneza, za binti yangu ziwe mbili mbili, amejenga kwenye njia ya upepo. Niliona wivu siku ile, dada."

Nililia mbele yake bila haya. Ndiyo tabia yako, Baba, kumpenda mtu akiwa hasikii!

Tumeanza kuchimbua lenta tufunge nondo upya. Safari alitaka afunge peke yake, nikakataa. Koleo la kukunjia nondo nashika mimi, na vidole vimeshachubuka. Nakuahidi paa hili litafungwa mbili mbili kama ulivyotaka, na Safari nitampokea kama mtu wa nyumbani.

Lala salama, Baba. Wivu haujaisha wote. Hayo maneno, "binti yangu", aliyasikia yeye kinywani mwako. Mimi nimesimuliwa tu.