Bwana Ramani Asoma Daftari Letu

Nyumba ya Nyuma ya Kinu,
14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi je, na watoto? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tunapumua, ila Shangazi amevunjika mguu, na mimi nina hasira hata kazi haiendi. Tangu juzi nashona mikono ya gauni kinyume.

Nilikuandikia kwamba vikundi vitatu tumeungana: sisi wakulima wa mboga, wafuga nyuki, na wachimba visima wa Mjomba. Kila mwisho wa mwezi tunakutana kwenye ghala la kinu, kila mtu anasema alichokiona kwa macho yake, nami naandika daftarini. Wafuga nyuki walisema maua yanawahi kuchanua, nyuki wanakuta yameshakauka. Mjomba alisema maji aliyoyapata kwa kina cha pima kumi sasa anayafuata pima kumi na sita. Sisi wa bustani za mtoni tukasema mvua ya mwezi mzima siku hizi inamwagika siku moja, na ukingo unaliwa: hatua saba kwa miaka miwili.

Basi tuliposikia zahanati inajengwa pale ukingoni, mimi na Shangazi tulilipeleka daftari kwa afisa wa mipango, yule tunayemwita Bwana Ramani. Hakulifungua. "Mama, hizo ni hadithi za vijiweni," alimwambia Shangazi. "Sisi tuna ramani."

Zahanati ikajengwa. Mwezi uliopita mvua ilinyesha asubuhi hadi alasiri, ukingo ukameguka, ukaondoka na ukuta wa wodi ya wazazi. Shangazi ndiye aliyekuwa mkunga wa zamu. Aliwatoa wazazi wawili na vichanga vyao. Akiwa na wa tatu mlangoni, boriti ikamwangukia. Wote wako hai, tunashukuru. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu limevunjika la mkuu mwenyewe.

Kisha Bwana Ramani akaandika ripoti kwamba maafa yale hayakutabirika.

Juzi akaja ghalani kuomba daftari; wakubwa wake wamelisikia, wanalitaka. Mjomba akamwambia, "Huondoki nalo. Utalisoma hapa hapa, kwa sauti."

Akasoma, watu wamejaa hadi mlangoni. Alipofika siku ile tuliyomwendea, akalifunga daftari, maana maneno yake niliyaandika yote kama alivyoyatamka. Shangazi, mguu ndani ya plasta, akamwambia taratibu, "Endelea, mwanangu. Hujamaliza."

Akajisoma mwenyewe. Hakuna aliyecheka. Pale pale akatia sahihi daftarini kwamba ripoti itaandikwa upya na zahanati itahamia kwenye mwinuko. Lakini hasira yangu haijashuka, sikufichi. Tusingeandika, leo wangetuambia ni bahati mbaya tu.

Vikundi vya ng'ambo ya mto navyo vimejiunga. Pole yako naijua, usiitume. Niandikie unachokiona huko, na tarehe yake.

Mjomba na Shangazi wanakusalimu sana. Nibusie watoto. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Akupendaye hata akinuna,
Mdogo wako, fundi cherehani.